Leza ya mkononi na mkanda wa mwanga kwa maumivu ya goti: soma lebo kabla hujalipa

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo hapa mezani nina vifaa viwili ambavyo mmeniuliza habari zake mara nyingi: hii leza ya mkononi, na huu mkanda wa goti wenye taa za LED. Mnaviona vikitangazwa mitandaoni, mama kashika goti anagumia, kisha anavaa mkanda, kisha anapanda ngazi anatabasamu. Majina ya kampuni sitayataja, kwa sababu vifaa vya aina hii vinauzwa kwa majina chungu nzima, boksi linabadilika, kilichomo ni kilekile. Nataka ukimaliza kutazama uweze kukisoma kifaa chochote cha mwanga mwenyewe, hata muuzaji awe na maneno matamu kiasi gani.

Nianze na leza. Ngoja nisogeze kamera hapa kwenye kichwa chake. Umeona? Kuna vitundu vidogo 12 vimezunguka pembeni, na vinne viko katikati. Miwani ya kukinga macho nimeshavaa, na naielekeza kwenye kitambaa hiki cheusi, siyo kwako wala kwangu. Nawasha. Vile vya pembeni vimewaka vyekundu, vinavutia kabisa. Vile vinne vya katikati, kimya, kama vimeungua. Mtu wa kawaida atasema ameuziwa kibovu. Sasa tusome lebo mgongoni. Nanomita ni urefu wa wimbi la mwanga, yaani aina ya mwanga wenyewe; miliwati ni nguvu yake, na miliwati 1,000 ni wati moja. Vile vyekundu: nanomita 650, miliwati 5 kila kimoja. Vile vya katikati: nanomita 808, miliwati 200 kila kimoja. Nanomita 808 ni infraredi, jicho la binadamu haliioni. Kwa hiyo ile minne unayodhani imekufa ndiyo inayobeba kazi, na ile 12 mizuri ya kutazama inachangia kidogo mno.

Hesabu yake ni rahisi, tuifanye pamoja. Nishati ya mwanga tunaipima kwa jouli. Wati moja ikiwaka sekunde moja, umepata jouli moja. WALT, chama cha kimataifa cha wataalamu wa tiba ya leza, kimetoa mapendekezo ya vipimo: kwa goti, ukitumia leza ya kati ya nanomita 780 na 860, kila nukta unayoilenga ipate angalau jouli 4. Miliwati 200 zinafikisha jouli 4 kwa sekunde 20. Miliwati 5 zinahitaji sekunde 800, yaani zaidi ya dakika 13 kwa nukta moja, na hapo bado mwanga wenyewe ni ule mwekundu usiozama mbali. Goti linataka nukta kadhaa, hasa upande wa ndani pale kwenye mstari wa kiungo. Ukinunua kifaa chenye vimwanga vyekundu vya miliwati 5 peke yake, utakaa nacho jioni nzima na goti halijapata kitu.

Kwa hiyo muuzaji muulize mambo mawili: nanomita ngapi, miliwati ngapi kwa kila kitundu. Asikupe wati za jumla, wala idadi ya taa, wala «teknolojia ya kisasa». Akishindwa kukujibu hayo mawili, pesa yako irudi mfukoni.

Na usifikiri ukizidisha utapona haraka. Tiba hii ina tabia hiyo: kipimo kidogo mno hakifanyi kitu, na kikizidi sana faida inashuka. Ndiyo maana nakazania hesabu.

Sasa mwanga unafanya nini ndani ya goti? Habari yenyewe ilianzia Budapest, Hungaria. Leza ya kwanza duniani ilitengenezwa mwaka 1960, na miaka michache baadaye daktari mmoja, Endre Mester, akawa anaijaribu kwa panya walionyolewa manyoya, atazame kama mwanga ule una madhara. Mwaka 1967 akatoa taarifa kwamba panya waliomulikwa manyoya yao yalirudi haraka kuliko wenzao. Tangu hapo watu wakaanza kuchunguza. Maelezo yanayokubaliwa zaidi leo ni kwamba ndani ya seli kuna mitokondria, sehemu inayozalisha nguvu ya seli, na humo kuna kimeng'enya kinachofyonza mwanga mwekundu na infraredi. Kikipata mwanga, seli inazalisha nguvu zaidi, na uvimbe unaotokana na kuchokozeka kwa tishu unapungua. Unaweza usisikie chochote ngozini, hata joto. Hiyo ni kawaida.

Hapa nataka nizungumze na mama zangu na baba zangu walioambiwa goti limesagika, au «ute umeisha». Matangazo yanasema mwanga unarudisha gegedu, ule utando mgumu laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya goti. Hakuna ushahidi wa kutosha kwa binadamu kwamba gegedu iliyolika inaota upya kwa kumulikwa. Kinachoweza kupungua ni maumivu. Na kupungua kwa maumivu si jambo dogo: mtu aliyekuwa hawezi kuinuka kwenye sijida, au anayekiogopa choo cha kuchuchumaa nyumbani kwake mwenyewe, ukimpunguzia maumivu umemrudishia heshima yake. Ila tusimwahidi kisichokuwepo.

Ushahidi wa maumivu ukoje? Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, na wenzao walikusanya majaribio 22 ya leza kwa watu wenye goti lililosagika, jumla ya watu 1,063, wakachapisha katika jarida la BMJ Open. Katika majaribio hayo kundi moja linamulikwa kweli, jingine linawekewa leza bandia. Kwenye kipimo cha maumivu cha 0 hadi 100, waliomulikwa walishuka kwa takriban pointi 14 zaidi ya wale wa leza bandia. Lakini kilichonivutia ni walipotenganisha majaribio yaliyofuata vipimo vya WALT: tofauti ikapanda hadi karibu 19, na wiki 2 hadi 4 baada ya kumaliza tiba ikafika karibu 32. Hiyo ni tofauti ambayo mgonjwa anaihisi. Ukipunja kipimo, unapunja na matokeo. Sioni sababu nyingine kubwa zaidi ya wewe kuchukua kalamu upige hesabu ya jouli.

Hata hivyo wakubwa hawakubaliani, na ni haki yako kujua. NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu Uingereza, katika mwongozo wake wa 2022 ilisema leza isitolewe kwa ugonjwa huu kwa kuwa ushahidi hautoshi. Chama cha madaktari wa mifupa Marekani, AAOS, mwaka 2021 kikasema inaweza kutumika, lakini kikaipa daraja la chini la ushahidi. Mimi nasimama hapa: nikiona kipimo ni sahihi na mtu anafanya mazoezi, naiona leza kama msaada wa maana. Ikiwa peke yake, siinunui.

Tuhamie kwenye mkanda. Huu hauna leza, ni taa za LED, za nanomita 660 na 850. Naufunga gotini, tazama. Kwa mbele unakaa vizuri. Nikikunja goti, hapa upande wa ndani unaachia, naingiza kidole kizima katikati ya taa na ngozi. Na upande wa ndani ndiko goti la watu wengi linakouma. Mwanga ukiachia ngozi, sehemu kubwa inaishia hewani. Kwa hiyo ukiuvaa, kaa na goti limekunjwa kidogo, weka mto chini, kisha vuta ule ukanda wa juu kwanza ndipo ukaze wa chini. Na usiuvae juu ya suruali au dera. Ngozi tupu, isiyopakwa mafuta wala dawa ya kuchua.

Kujua kama zile taa za infraredi zinawaka, chukua simu, fungua kamera ya mbele, uzitazame kupitia kioo cha simu. Hizi hapa, unaona zinang'aa zambarau hafifu? Kwa macho nilikuwa sioni kitu. Kamera ya nyuma ya baadhi ya simu ina kichujio, haitaonyesha, ndiyo maana nasema ya mbele. Jaribio hili fanya kwa LED tu, usilifanye kwa leza.

Tatizo langu na mkanda ni hili: boksi limeandika idadi ya taa kwa herufi kubwa, na miliwati kwa kila sentimita mraba ya ngozi halijaandika popote. Bila hiyo siwezi kukupigia hesabu. Na yale majaribio 22 niliyoyataja ni ya leza, si ya mikanda ya taa, kwa hiyo muuzaji wa mkanda akikuonyesha matokeo yale anakuonyesha ya kifaa kingine. Mkanda huu pia unapata joto baada ya muda, na watu wanasema «nasikia unafanya kazi». Joto linatuliza kweli. Lakini kitambaa kilichochovywa maji ya moto kinakupa joto hilohilo bure.

Usalama, tafadhali msiruke. Leza yenye kitundu cha miliwati 200 iko daraja la 3B katika madaraja ya hatari ya leza, inaweza kuharibu jicho kabla hujapepesa, na kwa kuwa infraredi huioni, hutapepesa. Miwani iliyotengenezwa kwa nanomita za kifaa chako, siyo miwani ya jua. Watoto wasikiguse. Usimulike mahali penye saratani au uvimbe usiojulikana, na kama unatumia dawa zinazofanya ngozi iumizwe na mwanga, ile antibiotiki ya doksisaiklini ikiwemo, muulize daktari kwanza. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, melanini, yaani rangi iliyo ndani ya ngozi, inafyonza mwanga, na inafyonza mwekundu zaidi kuliko infraredi. Hiyo ni sababu nyingine ya kupendelea nanomita 800 na kitu. Ukienda kliniki yenye leza kubwa ya daraja la 4, mwambie anayekuhudumia asiishikilie sehemu moja, na ukisikia inachoma sema hapohapo, usivumilie kwa heshima.

Na goti lililovimba ghafla, la moto, pamoja na homa, au goti lililoumia hata huwezi kulikanyagia, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo. Mwanga hauhusiki.

Sasa pesa. Kama una kiasi cha kutosha kitu kimoja tu, mpelekee mtaalamu wa fiziotherapia. Akufundishe kuimarisha msuli wa paja: kuketi kwenye kiti na kusimama bila kushika, kunyanyua mguu ulionyooka ukiwa umelala. Kama uzito umezidi, kumbuka watafiti wa Marekani walipima mwaka 2005 wakakuta kila kilo 1 inayopungua mwilini inaliondolea goti mzigo wa kilo 4 kwa kila hatua. Hayo ndiyo ya kwanza kwenye miongozo yote, wanaokubali leza na wanaoikataa.

Leza namshauri nani? Mtu ambaye mazoezi ameshaanza lakini maumivu yanamkatisha, au ambaye tumbo na figo zake haziruhusu kumeza dawa ya maumivu kama diklofenaki kila siku, na yuko tayari kuitumia kwa utaratibu: kila siku kwa wiki 2, au siku moja ndiyo moja hapana kwa wiki 3 hadi 4. Bora zaidi aanzie kwa mtaalamu wa fiziotherapia mwenye kifaa kilichopimwa, aone kama goti lake linaitikia, ndipo anunue cha nyumbani. Walioko Tanzania, ulizeni kama kifaa kimesajiliwa na TMDA, maana vifaa tiba viko chini yao. Mkanda wa LED, kwa bei unayouzwa na lebo isiyosema kitu, huu nilionao simshauri mtu.

Kama tayari unacho kifaa nyumbani, geuza mgongo wake, niandikie hapo chini nanomita na miliwati zilizoandikwa, nikupigie hesabu ya sekunde kwa kila nukta. Kama lebo haina miliwati, niandikie hivyo pia, na swali hilohilo mpelekee muuzaji wako leo.