Kununua riwaya za upelelezi na hadithi nyepesi: njia sita, kuanzia inayofaa zaidi

Riwaya ya upelelezi haifanani na kamusi wala kitabu cha kiada: ukishamjua muuaji, kazi yake imekwisha. Wachache sana huirudia. Hadithi nyepesi za siku hizi, zile za ndoa, marafiki na mapenzi ya mjini, nazo ni vivyo hivyo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, kuna maswali mawili. Je, hadithi imekamilika mpaka ukurasa wa mwisho? Na nikishaimaliza, kitabu kitakwenda wapi? Mpangilio huu umefuata maswali hayo. Juu kuna njia inayokupa hadithi nzima na kukurudishia sehemu ya pesa. Chini kuna inayofunga pesa nyingi kwenye kitu cha kusoma mara moja.

1. Jalada laini la mtumba

Hakuna inayoishinda. Vitabu vya Kiingereza vilivyokwisha somwa Ulaya na Marekani huletwa kwa marobota na kupangwa kwenye meza na turubai katikati ya Nairobi, Posta pale Dar es Salaam na kwenye miji mingine mingi. Utakuta saizi kuu mbili. Ndogo ya mfukoni, takriban sentimita 11 kwa 18, ni nafuu, ila herufi zake zinabana na mgongo wake huchoka mapema. Kubwa kidogo, takriban 13 kwa 20, hukaa vizuri mkononi na ukitaka kuiuza tena haikupi shida. Bei zikikaribiana, chukua kubwa.

Sasa ukaguzi. Dakika mbili zinatosha, na unaanzia nyuma.

Kigeuze kitabu, fungua kurasa kumi za mwisho, funika maandishi kwa kiganja na uangalie namba tu kwenye pembe. Zifuatane bila kuruka. Kisha tazama mstari wa mwisho kabisa, neno moja tu: sentensi ikikatika njiani, kuna karatasi imeng'oka, na kwenye riwaya ya upelelezi karatasi hiyo ndiyo uliyokuwa unainunua. Usibabaike ukikuta baada ya mwisho kuna shukrani za mwandishi, halafu sura ya kwanza ya kitabu chake kinachofuata. Hicho ni kionjo cha kukuvutia ununue kingine. Wakati mwingine kinakula kurasa ishirini au zaidi, kwa hiyo ukifikiri bado kuna safari ndefu, kumbe msako umekwisha.

Mgongo unafuata. Kifungue katikati, taratibu, usikilize. Vitabu hivi havishonwi. Karatasi zake zimebanwa kwa gundi ya moto, na gundi hiyo ikikaa juani chini ya nailoni miezi kadhaa hukauka na kuwa kama kioo. Ukisikia mlio wa kukatika, fungu zima la kurasa litakuachia kabla hujafika nusu. Mistari myeupe ya mikunjo kwenye mgongo si kasoro. Ni alama kwamba kitabu kilisomwa kikahimili. Karatasi chache zilizolegea zinatengenezeka: paka mstari mwembamba wa gundi nyeupe ya mbao, rudisha karatasi mahali pake, weka kitu kizito juu mpaka kesho yake. Zile gundi za matone zinazoshika papo hapo ziache, kwani hukauka ngumu na kupasuka palepale.

Halafu kuna aina nne za vitabu ambazo muuzaji anaweza kukuuzia bila hata yeye kujua ni nini.

Kitabu kisicho na kava la mbele. Marekani, duka likishindwa kuuza jalada laini dogo, huchana kava na kulirudisha kwa mchapishaji ili lirudishiwe pesa, na kitabu chenyewe hutakiwa kuharibiwa. Ndiyo maana vingi vina onyo kwenye ukurasa wa hakimiliki kwamba kisipokuwa na kava kimeripotiwa kuwa hakikuuzwa. Unaweza kukisoma, lakini hakuna atakayekinunua kwako.

Nakala ya mapitio. Kavani au ndani huandikwa kwa Kiingereza kwamba si ya kuuzwa na haijasahihishwa. Ilipelekwa kwa wahakiki kabla ya kitabu kutoka. Makosa ya uchapaji ni jambo dogo. Tatizo ni kwamba mwandishi huenda alibadilisha mambo baada ya hapo, na wewe unasoma rasimu.

Juzuu za Reader's Digest. Ni nzuri kwa macho: jalada gumu, mgongo wa rangi, mara nyingi riwaya nne ndani ya kitabu kimoja. Mnunuzi anaona amepata nne kwa bei ya moja. Zote zimefupishwa. Zilitolewa tangu 1950 kwa jina la *Condensed Books*, na mwaka 1997 jina likawa *Select Editions*, neno lisilokwambia kitu kuhusu kufupishwa. Kwa hadithi nyepesi si mbaya. Kwa upelelezi hatushauri, kwa sababu kinachokatwa kwanza ni vile vijambo vidogo vya pembeni, na dalili za muuaji hufichwa hukohuko.

Kopi ya wizi. Karatasi nyeupe pe kama ya mashine ya kudurufu, herufi zenye ukungu, kingo zisizolingana juu na chini, kava linalobanduka nailoni yake kwenye pembe. Kurasa kujirudia au kuruka ni kawaida kabisa. Linganisha ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, iliyo ndani na ile ya nyuma ya kava. Zisipolingana, rudisha mezani.

Ukipenda vitabu vya karibuni, usidanganywe na kava jipya. Wachapishaji hubadilisha kava kila mara, hasa hadithi ikitengenezewa filamu. Mwaka wa kweli uko kwenye ukurasa wa hakimiliki, pale pameandikwa kilichapishwa mara ya kwanza lini. Ule mstari wa tarakimu kutoka 10 hadi 1 unaonyesha chapa: tarakimu ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo namba ya chapa yenyewe. Na kitabu chenye ISBN ya tarakimu 10 peke yake kwa kawaida kilichapwa kabla ya 2007, mwaka ambao tarakimu 13 zilianza kutumika.

Kuna mtego wa jina pia. Riwaya moja inaweza kuuzwa kwa majina mawili, moja Uingereza na jingine Marekani. Ile ya Stuart Turton ya 2018, *The Seven Deaths of Evelyn Hardcastle*, ina vifo saba kwenye kava la Uingereza na vifo saba na nusu kwenye kava la Marekani, kwa sababu jina la kwanza lilikaribiana mno na la riwaya nyingine iliyokuwa sokoni. Ni kitabu kilekile. Mwandishi akiwa unampenda, soma aya moja ya sura ya kwanza kabla ya kulipa.

Mfululizo nao una mambo yake. Orodha ya vitabu vingine vya mwandishi, iliyo kurasa za mwanzo, mara nyingi haifuati mwaka. Vitabu vya Lee Child kuhusu Jack Reacher unaweza kudaka chochote ukaanza nacho, kila kimoja kinajitegemea. Wazee wapelelezi wa Richard Osman, walioanza 2020, wasome kwa mpangilio. Wahusika wanaugua, wanafiwa, wanaoana, na kitabu cha tatu kinakueleza wazi yaliyotokea cha kwanza. Kwa anayetaka uhalifu usio na damu nyingi, mfululizo wa Alexander McCall Smith kuhusu mpelelezi wa kike wa Gaborone, ulioanza 1998, uko kwenye meza nyingi za mtumba, na kwa sababu uliuzwa sana haupaswi kuuzwa ghali.

Kuhusu bei: muuzaji wa barabarani hupanga bei kwa kava na umaarufu wa jina, si kwa hali ya ndani. Chagua vitatu, taja bei ya vyote kwa pamoja, na uulize mapema kama anapokea kitabu kilichosomwa pamoja na nyongeza kidogo. Wengi wanapokea. Ukinunua kwa shilingi 8,000 za Tanzania na akakihesabu 5,000 ukirudi nacho, umesoma kwa 3,000. Hesabu hiyo ndiyo iliyoiweka njia hii juu.

2. Riwaya mpya ya Kiswahili

Inashika nafasi ya pili, na kwa msomaji anayechoshwa na Kiingereza ni ya kwanza. Wengi wanawajua wapelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla na Willy Gamba wa Elvis Musiba, lakini hao ni wa 1960 na 1974. Wa kizazi cha karibu zaidi, anza na Hussein Tuwa, ambaye anajua kufunga sura pale unapotaka kuendelea. Riwaya hizi aghalabu ni fupi kuliko za nje, kwa hiyo angalia idadi ya kurasa kabla ya kulinganisha bei.

Ubaya wake ni upatikanaji. Maduka mengi hujaza rafu vitabu vya shule na kuacha kona moja kwa riwaya. Njia ya uhakika ni kumtafuta mwandishi au mchapishaji moja kwa moja, kulipa kwa simu na kupokea kwa basi au bodaboda. Kabla ya kutuma pesa, omba picha ya kava la nyuma na ukurasa wa hakimiliki. Baada ya tarakimu 978 za mwanzo, ISBN ya Kenya huanza na 9966 au 9914, ya Tanzania na 9976, 9987 au 9912. Matoleo ya zamani yaliyofungwa kwa pini yatazame kwenye mkunjo: kutu ya pini hula karatasi, na kurasa za katikati ndizo zinazoanza kutoka.

3. Kindle na wenzake

Kifaa hiki cha kusomea vitabu vya kielektroniki kinalipa kwa anayesoma vitabu viwili au zaidi kwa mwezi. Chini ya hapo, pesa yake ingekununulia robota. Kioo chake hakimulikii macho kama simu, chaji hukaa wiki kadhaa, na GB 16 hubeba vitabu kwa maelfu. Tafuta chenye nukta 300 kwa inchi na taa inayoweza kuwa ya manjano usiku. Kobo, mshindani wa Kindle, hufungua moja kwa moja faili za EPUB, aina ya kawaida ya faili za vitabu vya kielektroniki; Kindle huzipokea kwa kutumiwa kupitia akaunti yako.

Ukinunua Kindle iliyotumika, iwashe mbele ya muuzaji, iunganishe na intaneti, na uhakikishe inakubali akaunti yako. Ikiwa bado imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, usilipe, huenda imeibwa. Kulipia vitabu kunahitaji kadi, na kadi ya Visa ya mtandaoni inayotolewa na M-Pesa inaweza kufanya kazi hiyo. Pakua kwanza kionjo cha bure, ambacho huwa karibu asilimia 10 ya kitabu. Unachonunua ni ruhusa ya kusoma tu: hukiuzi, humpi shemeji. Ndiyo maana kifaa hiki, pamoja na raha zake zote, kimekaa nafasi ya tatu.

4. Hadithi za WhatsApp

Mwandishi huweka sehemu za mwanzo bure, anakufikisha mlango unapofunguliwa, kisha anatoa namba ya kulipia. Bei ni ndogo na kati ya hadithi hizo zipo nzuri kweli. Uliza mambo matatu kabla ya kulipa: imekwisha kuandikwa? Ina sehemu ngapi? Naipata yote kwa PDF moja? Wengine huandika huku wakikusanya pesa, na wasomaji wakipungua hadithi hufia njiani. Ukiuziwa PDF na mtu asiye mwandishi, ni ya kuunganishwa kutoka magrupu, na sehemu za katikati hukosekana. Mlipe mwenyewe.

5. Kitabu cha kusikiliza

Riwaya ya maneno 90,000 huchukua karibu saa 10, na kwa ubora wa kawaida ni kama MB 290, kwa hiyo pakua kwenye Wi-Fi, usimalize bando. Hadithi nyepesi hunoga masikioni, hasa kwenye foleni. Upelelezi una kasoro: ukitaka kurudi kuhakikisha nani alikuwa jikoni saa tatu usiku, hupati ukurasa wa kufunua. Sikiliza kionjo cha msomaji pia. Sauti isiyokufaa haivumiliki kwa saa 10.

6. Jalada gumu jipya

Linakuja kwanza, linagharimu zaidi, na kwa kawaida mwaka mmoja hivi baadaye kitabu hichohicho hutoka kwa jalada laini. Nunua ikiwa ni zawadi, au ikiwa mwandishi ni wako kiasi kwamba huwezi kusubiri. Ukinunua, vua lile kava la karatasi la juu kabla ya kuanza kusoma na ulihifadhi pakavu, mbali na unyevu wa pwani. Bila hilo kava, bei ya kukiuza tena inashuka sana.