Mtoto akitoka kitandani kwa mama: kitanda gani kimfae hapa Tanga

Mwanangu alianguka kutoka kitandani kwetu mara mbili ndani ya wiki moja. Alikuwa na miaka miwili na miezi minne, ameshaachishwa ziwa, na usiku alikuwa akizunguka kama pia. Mara ya pili alichanika mdomo. Asubuhi nikachukua futi, nikapima kutoka juu ya godoro letu la inchi nane hadi kwenye saruji: sentimita 68. Mtoto mwenyewe urefu wake ulikuwa 88.

Tangu siku ile nimezunguka kwa mafundi, Ngamiani hadi Mabawa, nimepima vitanda madukani wauzaji wakinishangaa, na baadaye nimewasindikiza dada zangu wawili kuwanunulia watoto wao. Nimevipanga vitanda hapa chini kwa swali moja tu: mtoto akiwa peke yake gizani, na mimi nimelala chumba cha pili, kitanda hiki kinaweza kumfanya nini? Urembo na bei nimeviweka nyuma ya hilo.

Namba za kwenda nazo

Kama mtoto analala kwenye kitanda chenye vizuizi pande zote, muda wa kumhamisha umefika akikaribia urefu wa sentimita 89, au siku utakapomkuta amepandisha mguu juu ya kizuizi, hata kama hajafika huko. Kama analala na mama, hakuna haraka. Usimtoe wiki ile ile mdogo wake anapozaliwa. Mtoe miezi miwili mitatu kabla, asione amefukuzwa.

Watu wengi huogopa kuanguka peke yake. Mimi naogopa zaidi mianya. Mtoto mdogo kiwiliwili chake ni chembamba kuliko kichwa. Akiteleza miguu mbele kwenye uwazi kati ya mbao mbili, miguu hupita, tumbo hupita, kichwa hubaki, na uzito wote unaning'inia shingoni. Hapigi kelele, kwa sababu hewa haipiti. Ndiyo maana kanuni za Marekani za vitanda vya ghorofa haziruhusu uwazi wa zaidi ya sentimita 9 kwenye vizuizi vya juu, na kwa vitanda vya watoto wachanga uwazi kati ya fito hautakiwi kuzidi sentimita 6. Kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu mimi natumia ile 6. Huna futi? Chukua kopo la kawaida la soda, lile nene, si lile jembamba refu. Likipita kati ya fito, kitanda hicho kiache hapo hapo.

Mwanya mwingine ni ule wa kati ya godoro na ubao wa ubavuni. Vidole viwili vikiingia kwa kujibana, sawa. Kiganja kizima kikiingia, mtoto anaweza kudidimia hapo uso ukiwa umeelekea kwenye sponji.

1. Kitanda kifupi cha mbao, cha kuchongesha, tatu kwa sita

Hiki ndicho ninachomwambia kila anayeniuliza. Futi tatu kwa sita ni sentimita 91 kwa 183, godoro lake lipo kila duka, na mtoto atakilalia mpaka sekondari. Kile cha mbili na nusu kwa sita kinafaa chumba kikiwa kidogo sana, ila anayezunguka usiku anahitaji zile inchi sita za ziada.

Nunua godoro kwanza, ndipo uende kwa fundi. Mimi nilifanya kinyume. Fundi alichonga futi tatu kwa makadirio yake, dukani godoro likaja pungufu kidogo, na nyumbani nikakuta nafasi ya sentimita tano ubavuni. Nilirudisha kitanda kwa guta, nikalipa usafiri mara mbili, na mbao mbili zikabadilishwa. Siku hizi tunampelekea fundi godoro lenyewe, analilaza chini na kupima mfumbati (mbao za ubavuni) na vitakizo (mbao za kichwani na miguuni) juu yake.

Mwambie chaga zikae sentimita 12 kutoka sakafuni. Ukiweka godoro la inchi nne, mtoto analala kwenye sentimita 22. La inchi sita, 27. Ufagio unapita chini, na akianguka anaanguka kama aliyejikwaa. Usinunue la inchi nane. Chagua godoro gumu, ambalo ukilikandamiza kwa ngumi linarudi mara moja.

Kwenye chaga mafundi hubana matumizi. Utakuta mbao tano zimetandazwa kwa umbali wa shubiri na kupigiliwa misumari. Mtoto akirukaruka, na atarukaruka, msumari unalegea na chaga inatumbukia upande mmoja. Dai chaga zisizoachana zaidi ya sentimita 6, na kila moja ikazwe kwa skrubu pande zote mbili. Pesa ya ziada iweke hapa, si kwenye nakshi za mchagoni.

Mbao: sisi watu wa Tanga tuna bahati ya mtiki wa shamba la Longuza, Muheza, na mbao ya mtiki mchwa hawaipendi. Lakini sifa hiyo ni ya kiini, ile sehemu ya kahawia. Ukionyeshwa mbao nyeupe nyeupe ya pembeni ukaambiwa ni mtiki, ni kweli ni mtiki, ila italiwa. Mninga na mkongo ni nzuri mno na bei yake inajulikana. Msonobari ni laini, ni wa bei nafuu, na kwa kitanda kifupi unatosha kabisa, mradi umepigwa randa na msasa vizuri.

Kuna mambo mawili sitaki mtu ayapuuze. Mbao za kupaulia zenye rangi ya kijani zimetiwa dawa, na mara nyingi dawa hiyo ina shaba, kromu na aseniki. Ni nzuri juu ya paa. Mtoto wa miaka miwili hung'ata ubao wa kitanda, kwa hiyo zisiingie chumbani kwake hata kipande. La pili ni oili chafu ya gari ambayo wengine hupaka chini ya chaga kuzuia mchwa. Kataa. Simama hapo kazi inapofanyika ukiweza. Rangi nayo: ukitaka ya kupendeza, nunua mwenyewe kopo lililoandikwa kuwa halina risasi, kwa sababu risasi inayomengenyuka kutoka kwenye rangi huharibu ubongo wa mtoto na haina dalili ya haraka. Vanishi ya kawaida inatosha. Kitanda kikae nje kivulini siku kadhaa mpaka harufu iishe.

Kizuizi cha ubavuni kiwe cha nusu tu, kuanzia mchagoni hadi kiunoni, ili ateremke kwa miguu upande wa chini bila kupanda juu yake. Ncha za matendegu zikatwe sawa na ubao. Ncha inayochomoza, hata kidogo, hunasa ukosi wa fulana.

2. Godoro chini, juu ya chaga

Hakuna mahali pa kuangukia, na gharama ni godoro tu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili na nusu ningeanza na hili bila kusita. Nimeliweka la pili kwa sababu ya hewa ya kwetu. Godoro likilala moja kwa moja kwenye saruji, jasho la mtoto linashuka na unyevu wa sakafu unapanda. Masika ikifika, ukiligeuza unakuta koga nyeusi. Chongesha fremu ya chaga tupu, urefu wa sentimita tano tu, uweke chini yake, na kila asubuhi simamisha godoro ukutani lipumue. Wageni wakisema mtoto analazwa chini kama yatima, waache waseme.

3. Kitanda cha kamba

Hiki ndicho nilicholalia mimi kwa bibi, Pongwe, na nakipenda. Joto la Februari huwezi kulishinda juu ya sponji, lakini kamba hupitisha hewa pande zote. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano, kilichosukwa upya kwa kamba nzuri ya mkonge na matendegu yakiwa mafupi, ni kitanda chema. Kwa wa miaka miwili, hapana. Kamba hulegea, katikati panazama, na karibu na mfumbati panabaki matundu ambayo mguu na mkono huingia. Cha zamani kipigwe jua na maji ya moto kwenye viungo kwanza, maana kunguni hujificha pale tendegu linapoingiana na mfumbati.

4. Kitanda cha chuma

Ni imara, hakina mchwa, na kunguni hawana mahali pengi pa kujificha. Shida ni pembe kali, maungio ya kuchomelea yasiyosagwa vizuri, na fito za mapambo za kichwani ambazo mara nyingi huzidi lile kopo la soda. Halafu kuna chumvi ya bahari. Ukiishi Raskazone au Sahare, rangi ikibanduka tu kutu inaanza, na ngozi ya kutu inakata. Ukikichukua, pitisha kiganja kila mahali mwenyewe kabla ya kulipa.

5. Vile vya umbo la gari

Mtoto atalia akitaka hicho, najua. Vingi ni vifupi kuliko futi sita, godoro lake ni la kipimo chake peke yake, na mbao yake ya unga wa mbao uliogandishwa huvimba ikilowa, na mtoto wa umri huu bado anakojoa. Baada ya miaka miwili unanunua tena.

6. Dabo deka (kitanda cha ghorofa)

Kwa wenye watoto watatu na chumba kimoja naelewa kabisa. Lakini ghorofa ya juu si ya mtoto aliye chini ya miaka sita, na hata wa sita awe mtulivu. Kizuizi cha juu kiinuke angalau sentimita 13 juu ya godoro, si juu ya mbao. Godoro nene hukimeza. Chini yake wa miaka mitatu anaweza kulala, ngazi ikiwa ya kutoa usiku.

Kitanda kikishafika

Kiweke mbali na dirisha na kabati, na kabati lenyewe lifungwe ukutani kwa skrubu, kwa kuwa sasa mtoto anaweza kuamka usiku na kulipanda akiwa peke yake. Kitanda ama kigande ukutani kabisa, ama kiache nafasi ambayo mtoto anapita wima. Nafasi ya katikati ndiyo inayonasa.

Neti iwe kubwa kuliko kitanda. Mbu humng'ata aliyegusana na neti, na anayezunguka ataigusa. Ile yenye dawa inayotolewa kliniki pamoja na chanjo ya surua ya miezi tisa, kama unayo bado haijachanika, inafaa. Ichomeke chini ya godoro pande zote, na kamba za kuning'inizia zikatwe fupi, zisifike mtoto anapofika.

Kisha Agosti, masika ikishapita, lala chini na bisibisi. Mbao iliyochongwa Mei ikiwa na maji husinyaa, na chaga iliyokuwa imebana inaanza kucheza. Kwetu nilikuta skrubu nne zimelegea.