Msitu wetu: hati ya jamii ama hifadhi ya taifa?

Ndugu wa kijijini akifika Bukavu, swali ni lile lile: tuombe hati ya msitu wa jamii, inayokipa kijiji chenyewe usimamizi wa msitu, ama tuache msitu uingie chini ya ICCN, taasisi ya serikali ya Kongo (DRC) inayosimamia hifadhi?

Hati ni ya bure, haina mwisho wa muda, na inafika hadi hekta 50,000 kwa dekreti ya Agosti 2014. Gavana ndiye anayetia sahihi. Lakini ramani, mikutano na mpango wa usimamizi vinakula pesa na miezi. Kwa upande huo hifadhi ni nyepesi kwa kijiji.

Kwa matumizi, msitu wa jamii unashinda mbali: asali, kuni, dawa, hata kuwinda, mradi sheria ya uwindaji ya 1982 ifuatwe na wanyama waliolindwa wasiguswe. Ndani ya hifadhi ya taifa ya Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, kuwinda ni marufuku kabisa. Batwa, wenyeji wa asili wa msitu huo, walioondolewa humo miaka ya 1970 bado wanabeba uchungu huo, na si haki kuupita kimya.

Ulinzi? Hifadhi ina walinzi wenye silaha, kijiji kina macho tu. Penye gorila na majangili, ningetaka walinzi. Pale mwami (chifu wa jadi) na vijana wanapoelewana, ningeanza kuchora ramani.