Darasa la kusoma lugha ya mwili kwa wapiga mazingaombwe: video ya 3 na 4 chukua, ya 6 na 7 ruka

Nimelimaliza jana usiku, video 9, jumla kama masaa 5 hivi, kingereza kitupu bila maandishi ya chini, bei dola 60 nikalipa kwa kadi ya kwenye simu. Muuzaji simtaji maana lawama ninazo. Mi nafanya mazingaombwe kwenye send-off, bethidei na sherehe za maofisi hapa Dar mwaka wa 6 sasa, karata na kamba nazimudu, nilichokua nakitafuta ni mentalizimu, ile ya kumwambia mtu anachowaza ukiwa mikono mitupu.

Nianze na kilichonifanya nisijutie hela yangu, video ya 3 na ya 4, kusoma misuli. Mtu anaficha kitu ukumbini wewe uko nje, unarudi, unamshika mkono juu kidogo ya kiganja, yeye hasemi neno anawaza tu kushoto, mbele, simama, na wewe unaenda mpaka kwenye kitu. Hakuna waya wala mtu wa kukukonyeza. Akiwaza kwenda upande fulani misuli inasogea kidogo mno bila yeye kujua, na hii kitu daktari mmoja Mwingereza, William Carpenter, alishaieleza tangu 1852. Marekani miaka ya 1870 J. Randall Brown alivuma kwa hilo, akaja Washington Irving Bishop ambae alianguka akiwa katikati ya onyesho New York mwaka 1889, wakaupasua mwili haraka haraka kuuchunguza mpaka mama yake akawa anadai mwanae alikua bado mzima. Mwalimu hapa anafundisha kweli, anaonyesha na mara alizokosa, na hilo nimeliheshimu sana.

Nilichotoka nacho: usimvute. Tangulia nusu hatua, mkono wako ulegee, ukipotea njia utasikia uzito kama mlango uliobana, ukiwa sawa anakua mwepesi anakufuata mwenyewe. Wiki ya kwanza na mdogo wangu na funguo za nyumba nilikosa kila siku, wiki ya 3 nikawa napata mara 3 kati ya 4. Jumamosi iliyopita kwenye send-off Tabata, meza zaidi ya 20, hereni ya mama mkubwa wa bibi harusi imefichwa chini ya kisahani meza ya wajomba kule nyuma kabisa, nikamshika mkono nikamwambia shikamoo mama, we waza njia tu, tukaenda moja kwa moja. Vigelegele vilivyopigwa MC aliomba utulivu mara tatu na watu wako juu ya viti.

Video ya 5 ni ya yule farasi Hans wa Berlin, aliekua anagonga kwato kujibu hesabu. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst akaonyesha kwamba muulizaji anainama kidogo wakati anasubiri, kwato ikifika namba sahihi anainua kichwa kidogo tu, farasi anaacha. Akiuliza mtu asiejua jibu, Hans anapotea. Sasa hapo ndo kuna mchezo wa kuhesabu namba kwa sauti mbele ya mtu huku unamwangalia shingo na mabega, kitu kitamu kweli, lakini kimepewa dakika 10! Ilitakiwa saa nzima. Ile ya kubahatisha shilingi iko ngumi ipi nayo ipo, mwambie aweke ngumi yenye shilingi kwenye paji la uso kwanza kama anakutumia wazo, ikishushwa inakua imepauka kuliko mwenzie maana damu imeshuka. Inafanya kazi ukiwahi kuangalia, na taa za ukumbi zisiwe za rangi.

Ila video ya 6 na 7 zimeniudhi. Eti mtu akiangalia juu kulia anadanganya. Hiyo mwanasaikolojia Richard Wiseman na wenzake waliipima 2012 hawakukuta kitu. Na watafiti Bond na DePaulo walivyokusanya tafiti nyingi 2006 watu kwa wastani walijua uongo na ukweli kwa asilimia 54, yaani karibu sawa na kurusha shilingi. Mwalimu kwenye video anapatia kila mara, na mtu yoyote wa fani akitazama vizuri anaona kabisa kuna njia nyingine pembeni, macho ni maneno ya kupamba tu. Kwa jukwaani pambo ruksa, kwa mwanafunzi aliekulipa sema ukweli. Halafu mifano yote ni ya Ulaya. Huku binti akiinamisha macho mbele ya mashangazi ni heshima, mi nilijaribu hiyo video ya 6 kwenye sherehe moja nikatamka mbele za watu kwamba anaficha kitu, wakwe wapo pale, binti akakaribia kulia na mimi nikaenda kuomba radhi kwa familia.

Lingine ambalo halimo kabisa kwenye darasa, na huku kwetu ni kubwa: ukishapatia ile hereni, baadae nje kuna mama anakusubiri. Kaibiwa simu, anataka umtajie mwizi, na jina la jirani tayari analo mdomoni. Namwambia mama yangu, haya ni mazingaombwe, nimeyafanyia mazoezi na funguo za nyumbani, mi si mganga wala sijui alieiba. Wengine hawaamini mpaka nimshike mkono nimuonyeshe pale pale inavyofanyika, namuonyesha, siri ikivuja ivuje.

Niliwaandikia wauzaji kuhusu video ya 6, wakajibu siku ya 4 kwamba hela hairudi, kuhusu niliyouliza kimya. Nyota 3. Ukilinunua usipoteze bando kwa zile mbili, shusha ya 3 na ya 4 peke yake, tafuta mtu mvumilivu hapo nyumbani, afiche funguo chumba kimoja kwanza, ukumbi utakuja baadae.