Maoni yangu kuhusu magemu, kutoka kwa mtu mwenye saa moja tu usiku na Luku ya kubahatisha

Niseme mapema kabla hamjaanza kunishambulia, mimi sio wale wa kumaliza gemu kwa siku mbili afu anarudia tena kwa levo ngumu ili apate sifa. Mimi narudi home foleni ya Mbagala imeshanimaliza, nakula, watoto wanaangalia katuni zao mpaka saa tatu ndo TV inakuwa yangu, na hapo nina saa moja, ikizidi sana saa moja na nusu, afu macho yanaanza kufunga yenyewe. Kwa hiyo gemu mimi naipima kwa maswali mawili tu: nikiitwa naweza kuistopisha? Na umeme ukikatika napoteza nini? Mambo ya frem ngapi kwa sekunde waachieni wenye muda wao.

Mashine yangu ya magemu ni PS4 ya mtumba, niliokota Kariakoo laki tano na nusu, pedi moja ina kichaa, stiki ya kushoto inajivuta yenyewe, nilivyomwambia muuzaji akanijibu "utaizoea tu bro". Na kweli nimeizoea, wachezaji wangu wote wa mpira wanapenda kushambulia kushoto.

Tuanze na mzee wa kaya, GTA San Andreas. Ilitoka 2004 na nadhani nusu ya wanaume wa rika langu hapa Dar kuendesha gari wamejifunzia humo, ndo maana barabarani iko hivi. Tulikuwa tunacheza kwenye banda moja Tandika, unalipia nusu saa, na mwenye banda memori kadi alikuwa anaificha kama hati ya kiwanja. Yaani haina kusevu. Sasa nusu saa yako ikiisha imeisha, kesho ukija unaanza upya, CJ, yule mtu unayemchezesha, ni yuleyule, anashushwa na mapolisi, anachukua baiskeli, anakimbizwa mpaka mtaani kwao Grove Street. Ile safari ya baiskeli nimeifanya mara mia mbili sijazidisha. Mimi miaka yote nilijua gemu nzima ni mji wa Los Santos tu, kuja kujua kuna San Fierro na Las Venturas nishakuwa na mtoto mmoja! Na misheni zenyewe tulikuwa hatuzifanyi, tulikuwa na chiti, zile kodi za kudanganyia gemu, zimeandikwa nyuma ya daftari la hisabati, unaingiza unapata kifaru, unaharibu mji, muda umeisha, unaachia pedi.

Nilikuja kuicheza vizuri nikiwa mtu mzima, ile iliyofanyiwa ukarabati ya 2021, na hapo ndo nikakutana na misheni ya treni. Mnaijua. Unaendesha pikipiki, Big Smoke, mshkaji wake CJ, kakaa nyuma na bunduki, anatakiwa awapige jamaa waliosimama juu ya treni, hampigi mtu, afu mwisho kosa ni lako wewe dereva. Siri yake ni kwamba usiibane treni, kaa nayo mbali kidogo upande wa kulia ili yule bonge apate nafasi ya kulenga, mimi nimeijua baada ya jioni tatu. Toleo jipya lilivyotoka lilikuwa na aibu zake, sura za watu kama midoli na mvua kama mtu kachora mistari kwenye skrini, mpaka Rockstar wenye gemu yao wakaomba radhi, ila lina kitu kimoja kikubwa, ukifeli misheni unairudia palepale. Ile ya zamani ukifa unaamkia hospitali, pesa imepungua, bunduki huna, afu uendeshe tena njia yote kwenda kuanza upya. Kwa mtu wa saa moja usiku mimi nachukua mvua mbaya.

Mpira sasa. Hapa ntaongea sana, vumilieni.

PES 6 ya Konami ndo gemu bora ya mpira iliyowahi kutengenezwa na sibishani na mtu. Kule bandani ilikuwa mechi moja shilingi mia mbili, anayefungwa anatoka, mshindi anabaki, na kulikuwa na sheria imeandikwa kwa maka ukutani: INTER HAPANA. Kisa Adriano, mshambuliaji wa hiyo Inter Milan. Ule mguu wa kushoto wa Adriano haukuwa wa kibinadamu, unapiga popote pale umevuka nusu ya uwanja kipa anaokota nyavuni. Kuna jamaa alikuwa anakuja na Inter makusudi saa za asubuhi kabla mwenye banda hajaamka vizuri, anakusanya hela za watoto wa shule afu anaondoka zake.

Ila kilichoniua mimi ni Master League, ile sehemu ya kuendesha timu yako msimu kwa msimu. Unapewa timu ya watu ambao hawapo duniani, Castolo, Minanda, Ximelez, golini Ivarov, hawana mbio, hawana shuti, wanachoka dakika ya sitini, na unaanzia daraja la pili. Kazi yako ni kuchuma pointi kidogokidogo ununue watu wa maana. Kila mtu anakwambia Castolo ni wa kuuza wa kwanza, mimi nilishindwa kumuuza! Alinifungia goli la kichwa dakika za mwisho kwenye mechi ya kupanda daraja, unamuuzaje mtu kama huyo? Nikamuweka benchi miaka mitano analipwa mshahara wa bure kama baba mdogo anayekaa kwenu. Na humo ndo umeme ulinitenda vibaya kuliko gemu yoyote, kwa sababu kusevu unasevu mwenyewe kwa mkono na mimi nilikuwa nasahau, nikapoteza nusu msimu nzima, nimeshaifunga timu inayoongoza ligi, paap, giza. Nilikaa kimya mpaka mama watoto akauliza kuna msiba wa nani.

Afu Konami wenyewe wakatoa eFootball tarehe 30 Septemba 2021, bure kabisa, na bure ile ilionekana. Sura za Messi na Ronaldo zilikuwa vichekesho, mpira unapita kwenye miguu ya watu, na Master League haikuja nayo. Waliomba radhi na wao, naona ule mwaka ulikuwa wa kuombana radhi. Baadae ilitengemaa, kwenye simu hasa iko poa tu, ila mimi Castolo wangu yuko wapi?

Hawa wengine wa EA, waliokuwa wanatoa gemu ya FIFA, waliachana na hilo jina, kuanzia 2023 gemu yao inaitwa EA Sports FC, wakaanza na FC 24. Dogo wangu anaipenda, mimi nacheza nae Jumapili ananipiga nne nne. Uchezaji uko vizuri, siwezi kusema uongo, kasi, pasi, nyasi mpaka unataka kuzigusa. Kinachonikera ni ile Ultimate Team, unanunua pakiti kwa hela ya kweli hujui ndani kuna nani, unafungua anatoka beki wa timu hujawahi kuisikia. Mzee hiyo ni kamari imevaa jezi. Dogo nimemwambia kadi yangu ya benki asiiguse kabisa.

Red Dead Redemption 2 nilinunua CD, na CD zenyewe ni mbili, moja ya kuingizia gemu na moja ya kuchezea. Kuishusha kwa bando sikuthubutu maana inakaribia giga mia. Ni nzuri? Nzuri mpaka inachosha. Ni 1899, wewe ni Arthur Morgan, jambazi ambaye zama zake zinaisha, na kila kitu anakifanya polepole, anachuna ngozi polepole, anafungua droo polepole, anakunywa kahawa polepole. Farasi umlishe, umpige brashi, umbembeleze. Saa yangu moja inaisha nimeenda tu kununua maharage ya kopo. Kwenye maswali yangu mawili inafaulu yote, inastopishika na inajisevu yenyewe, ila nina miezi saba sijatoka chapta ya tatu. Farasi wa kwanza alikufa kwa sababu ya ile stiki ya kushoto, tulikuwa tunakimbia zetu vizuri tukaenda kuuvaa mti. Sikulala vizuri siku hiyo, nacheka lakini ni kweli.

Elden Ring, gemu ya mapigano magumu, nitasema kwa kifupi. Haistopishiki. Unaelewa? Huwezi kusimama ukaenda kubadilisha mtungi wa gesi, ukirudi umeshauliwa zamani na pointi zako zimebaki chini pale ulipofia, ukifa tena kabla hujaziokota ndo zimekwenda. Yule Margit wa getini kwenye ngome, jibaba la fimbo, nimepigana nae usiku tisa, wa kumi nikaipeleka CD kwa jamaa tukabadilishana. Naiheshimu, imetengenezwa na watu wenye akili, umeme ukikatika hupotezi sana maana inajisevu kila wakati, ila sio ya mtu mwenye watoto.

Kinyume chake ni Stardew Valley. Imetengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, zaidi ya miaka minne peke yake, muziki yeye, michoro yeye, hadithi yeye, ikatoka 2016. Unarithi shamba la babu, unalima, unafuga kuku, unavua samaki, unasalimia majirani, basi. Mama watoto ambaye hajawahi kugusa pedi aliniuliza "hizo mbegu mbona hujamwagilia?" na tangu siku hiyo shamba sio langu tena. Tatizo lake ni moja, haisevu mpaka mtu wako alale, na siku moja ya mle ni karibu dakika kumi na nne. Umeme ukikatika jioni ya kule, siku nzima imepotea, samaki wote wamerudi ziwani. Mke wangu sasa hivi kabla ya kucheza anaangalia kwanza Luku imebaki yuniti ngapi, kitu ambacho kwa pasi ya nguo hajawahi kukifanya.

Magemu ya simu sina mengi. Free Fire wanacheza vijana wa pale kwa mangi na makelele yao. Candy Crush ni ya mama yangu, ana levo kubwa siwezi hata kuitaja. Mle unapewa roho tano, kila moja ikipotea unasubiri nusu saa irudi, sasa mama akagundua ukisogeza saa ya simu mbele roho zinarudi, nani kamfundisha sijui. Akasahau kuirudisha, akaamka akajiandaa akafika kanisani mlinzi hajafungua geti.

Ya mwisho ndo inaniweka macho siku hizi, Euro Truck Simulator 2. Ni ya 2012, ya Wacheki, inakubali kwenye laptop yangu mbovu, na laptop ina betri kwa hiyo Tanesco hawanipati. Unaendesha lori. Hakuna kuua mtu, hakuna bosi wa kupigana nae, unapakia mzigo, unaangalia mafuta, unaangalia muda wa kulala, unafungulia redio. Uingereza niko vizuri kwa sababu wanapita kushoto kama sisi, nikivuka kwenda Ufaransa nasahau, naendelea na kushoto kwangu, nimeshavaana uso kwa uso na malori ya watu na faini nimelipa mpaka kampuni ikakaribia kufa.

Shemeji yangu ni dereva wa lori kweli, Dar kwenda Zambia. Alikuja mwezi uliopita nikampa aendeshe. Kwanza alicheka, akasema mizani ziko wapi, nikamwambia sijawahi kukutana nayo, akasema basi hii ni pepo. Akaendesha saa nzima kimya, vioo anaangalia, anapunguza kwenye kona, hajagusa hata ukingo, mimi niliyecheza mwaka mzima nikaona aibu. Akafika bandarini Dover akapaki taratibu, akakaa anasubiri. Nikamuuliza vipi shem, mbona huendi? Akanigeukia akaniuliza karatasi za mzigo anampa nani. Nikamwambia bonyeza enta tu. Akabonyeza, akajikuta yuko Calais, Ufaransa. Akaniangalia muda mrefu, akasema mimi pale mpakani Tunduma nimeshalala siku nne.