Kitini cha Baiolojia: Tazama Rangi Kabla Hujalipa

Mwaka wangu wa pili wa chuo hapa Dodoma, bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) lilipoingia tu, nilishuka mtaa wa Ng'ong'ona nikanunua kitini cha mikrobaiolojia kwa shilingi 12,000. Springi imara, maandishi yanasomeka, nikakisoma hadi kikachakaa. Siku ya mtihani wa vitendo nikainamia darubini, nikaona bakteria wa pinki, nikaduwaa. Kwenye kitini changu wote walikuwa weusi.

Mnaponiandikia, mnauliza kitini kipi kina kurasa nyingi, kipi kina majibu ya pasti pepa. Ulizeni picha zina rangi gani. Mbinu ya kupaka bakteria rangi aliyoitangaza Mdenmaki Gram mwaka 1884 kazi yake yote ni rangi: Gram chanya hubaki zambarau, Gram hasi huwa pinki. Zitoe kopi nyeusi, zote ni ndugu. Vijidudu vya kifua kikuu kwa Ziehl-Neelsen, mbinu nyingine ya kupaka rangi, ni vijiti vyekundu kwenye uwanja wa buluu. Kopi inakupa mikwaruzo ya kijivu. Kwenye seli nyeupe za damu, eosinofili unaijua kwa chembechembe zake za rangi ya chungwa, basofili kwa buluu iliyokolea. Kwenye kitini, madoa mawili. Unakariri neno "zambarau" na jicho lako halijawahi kuiona.

Kwenye orodha yangu ya vya kusomea, namba moja ni OpenStax, na mapenzi yangu siyafichi. Ni vitabu vya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, vinapakuliwa bure, na picha za darubini zina rangi zake. Cha mikrobaiolojia kilitoka 2016. Cha anatomia na fiziolojia kipo pia. Hela yako inaenda kwenye kuchapa tu. Kitabu kizima kinapita kurasa elfu moja, kwa hiyo chagua sura za kozi yako. Havifuati mpangilio wa mwalimu wako, basi weka slaidi zake pembeni.

Namba mbili, daftari la mkono la aliyekutangulia, lililochorwa kwa penseli za rangi. Nunua daftari lenyewe, usinunue kopi yake. Tazama seli: zikiwa duara zote, saizi moja, huyo hakuchora akiwa maabara.

Tatu, slaidi za mwalimu kwa flashi. Vitini vya stesheni, yaani maduka ya kutoa kopi, ni vya mwisho. Mafurushi ya PDF yanayouzwa WhatsApp siyagusi.

Na wenye stesheni mnanikera. Bumu likiingia, bei inapanda. Mtu akiomba kurasa nane za rangi, anaambiwa achape kitini chote kwa rangi kwa kuwa mashine haichagui. Wadogo zangu, msikubali. Pelekeni mafaili mawili, la maandishi peke yake na la picha peke yake, na bei ya kila moja mkubaliane kabla mashine haijawashwa.

Lakini linaloniuma zaidi ni la waandishi. Kitini changu kile kilikuwa kazi ya dada mmoja aliyenitangulia. Jina lake lilikatwa kwenye jalada. Nilipokuja kumfahamu alinionyesha daftari lake la asili. Gram hasi zake zote zilikuwa za pinki, moja moja, kwa penseli iliyochongwa vizuri. Alikuwa amemwachia mwenye duka siku moja tu, amtolee rafiki yake kopi. Hajawahi kupewa hata mia.