Nilimpeleka baba kuona magari ya kale, akaambiwa "Wewe, toa mkono!"

Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa nikidhani hasira itapoa. Haijapoa, kwa hiyo naandika.

Kuna bwana mmoja anayekusanya magari na pikipiki za zamani. Si makumbusho, ni mali yake mwenyewe, kaziweka katika mabanda matatu nyuma ya nyumba, na hupokea wageni wachache wachache kwa miadi na kiingilio. Jina lake silitaji. Nilimpigia simu, akanipa siku, nikamchukua baba. Safari yenyewe ilikuwa ya baba. Mimi vyombo hivi navipenda kwa macho tu, baba alivipenda kwa mikono. Alikuwa fundi tangu ujana wake hadi magoti yalipomkatalia kuchuchumaa, na kwa miaka mingi alitembelea pikipiki ya Kiingereza, BSA Bantam, aliyoinunua ikiwa chakavu akaifufua mwenyewe. Ile pikipiki iliuzwa mimi nikiwa mdogo, ili nilipiwe ada. Asubuhi ya siku hiyo alinyoa ndevu mara mbili.

Banda la pili ndilo la pikipiki. Baba aliiona Bantam kabla yangu: kijani ile iliyopauka, na mbavu za tangi zenye rangi ya maziwa. Hakusema kitu. Aliegemeza mkongojo wake ukutani (ukutani, si kwenye pikipiki, naomba hilo lieleweke), akasogea, akaweka kiganja juu ya tangi kama unavyompapasa mtoto mwenye homa. Akainama akanusa penye mfuniko.

"Wewe! Toa mkono!"

Sauti ilitoka mlangoni. Hakuna "mzee", hakuna "samahani", hakuna "naomba". Wewe. Baba ana miaka 76. Mwenye mali ni rika langu, pengine hata mimi ni mkubwa kwake. Na baba, mtu ambaye karakana nzima ilikuwa ikinyamaza akianza kusikiliza injini, aliutoa mkono haraka kama aliyeungua, akasema, "Nisamehe, mwanangu." Wageni wengine sita au saba wakageuka kutazama. Baba akajaribu kuongeza, "Ila hii petroli iliyomo humu..." Hakuachwa amalize. "Hapa watu wanaangalia kwa macho," yule bwana akasema. "Vitu hivi vina thamani." Amwambie hivyo mtu aliyewahi kulala sakafuni na pistoni ya Bantam mkononi!

Niseme haki. Sharti la kutogusa lina maana yake, na alikuwa ametutangazia mlangoni. Jasho la vidole lina chumvi, likikaa juu ya chuma kitupu huanzisha kutu, na alama ya kidole huweza kuonekana miezi mingi baadaye. Pete hukwaruza, mkanda hukwaruza. Rangi ya kiwandani ikishakwanguka ndiyo imekwenda. Unaweza kupaka nyingine nzuri kuliko ya kwanza, lakini haitakuwa ile iliyotoka na chombo. Wanaojali vyombo hivi huona rangi iliyochakaa lakini ni ya asili ina heshima kuliko inayong'aa ya juzi, nami nakubaliana nao. Kwa hiyo baba alikosea, na alikiri papo hapo. Hilo nimelimeza.

Ninachoshindwa kumeza ni kwamba nusu saa kabla ya hapo, katika banda la kwanza, mgeni mmoja aliyevaa vizuri aliegemea bawa la gari la Citroën DS ili apigwe picha, kiuno na mkanda wake vikiwa juu ya rangi. Mwenye mali alicheka naye, akachukua simu yake akampiga picha mwenyewe. Kumbe sharti lina watu wake.

Na hapo ndipo panaponiumiza, kwa sababu mkusanyiko wenyewe ni wa ajabu. Hiyo DS, aina iliyozinduliwa Paris mwaka 1955, aliiwasha mbele yetu. Haina springi za kawaida, inabebwa na oili na gesi, kwa hiyo ikilala bila kuwashwa hushuka chini. Injini iliposhika ikakaa kidogo, kisha ikaanza kujiinua yenyewe taratibu kama ngamia anayesimama. Watoto waliokuwapo walipiga makofi. Nami nilipiga. Mengine nayapitia haraka: Volkswagen ya mgongo wa kobe yenye kioo cha nyuma cha duara la yai, Triumph Bonneville, iliyopewa jina la uwanda wa chumvi wa Utah watu wanakokwenda kusaka rekodi za mwendo, na Peugeot 404, gari lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. Yote safi, yote yana maelezo yaliyoandikwa kwa mkono, na mwandiko ni mzuri.

Halafu akatoa nje Ford Model T. Hii ndiyo saa ambayo sitaisahau, hata nikitaka. Nyeusi, kama zilivyotoka kiwandani zote kuanzia 1914 hadi 1925. Akavua koti. Chini ya usukani kuna wenzo mdogo kila upande. Wa kushoto, unaowahisha au kuchelewesha cheche, akaupandisha juu kabisa, na wa kulia, wa petroli, akaushusha kidogo. Akaenda mbele, akavuta kiwaya cha choki kando ya rejeta, akashika hendeli ya kuzungusha injini kwa mkono wa kushoto, akatuita tusogee tuangalie kidole chake gumba. Hakukizungusha kwenye hendeli. Alikilaza upande mmoja na vidole vingine. Cheche ikiwahi, alisema, injini hupiga kinyume na hendeli hurudi kwa nguvu zote, na mtu aliyeikumbatia kwa gumba huvunjika mkono. Unavuta kutoka chini kwenda juu, husukumi kutoka juu kwenda chini. Akavuta mara moja, mara mbili, ya tatu ikashika, na gari zima likaanza kutetemeka hadi vioo vya taa vikawa vinalia.

Tukaonyeshwa pedali zake tatu, ambazo si hizi tuzijuazo. Ya kushoto ukiikanyaga hadi chini unapata gia ya nguvu, ukiiachia, hendibreki ikiwa imelegezwa, unapata ya mwendo. Ya kati ni ya kurudi nyuma, ya kulia ndiyo breki. Tangi liko chini ya kiti na petroli hushuka yenyewe bila pampu, ndiyo maana kwenye mlima mkali, tangi likiwa karibu kukauka, madereva wa enzi hizo waligeuza gari wakapanda kinyumenyume. Magari zaidi ya milioni 15 yalitengenezwa hivyo kati ya 1908 na 1927, watu wakajifunza, wakazoea. Yule bwana aling'aa akieleza. Anavipenda vitu vyake, hilo siwezi kumnyima.

Kisha nikageuka kumtafuta baba. Alikuwa amesimama nyuma ya wote, mbali, mikono ameifunga mgongoni kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Tangu banda la pili hakuwa ameitoa hapo. Alikuwa akichungulia kati ya mabega ya watu waliomzidi urefu, na hakuna aliyempisha. Furaha yangu yote ilikauka hapo hapo. Nikataka kumrudia yule bwana mbele ya wageni wake, baba akanitazama tu, nikanyamaza.

Kabla ya kuondoka tulirudishwa banda la pili tupewe historia ya Bantam. Na aliijua! Kwamba mchoro wake ni wa Kijerumani, DKW RT 125, uliochukuliwa kama fidia baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwamba BSA waliugeuza kama unavyouona kwenye kioo ili gia ikae kulia walivyozoea Waingereza, wakaanza kuiuza 1948. Kwamba kutoka mchoro huohuo Harley-Davidson walitoa yao, Wasovieti yao, na Yamaha nao pikipiki yao ya kwanza, YA-1 ya 1955, walijengea hapo. Alieleza vizuri kuliko kitabu. Mgeni mmoja akaomba aiwashe. Akafungua koki, akaipiga kiki. Kimya. Akapiga tena na tena, kama mara kumi na tano, shati likaloa. "Leo ana kiburi," akasema, akaifunika turubai.

Baba alifungua mdomo, akaufunga.

Ndani ya gari ndipo aliposema. Bantam ni injini ya kuchanganya, oili humwagwa ndani ya petroli. Ikiachwa tangini muda mrefu petroli inapaa, inabaki oili na gundi ya kahawia, na hunuka kama vanishi iliyosahauliwa kopo wazi. Hiyo ndiyo harufu aliyoinusa. Gundi ile huziba tundu la jeti ya kabureta, tundu la kupitishia petroli, jembamba kama unywele, na ukipiga kiki unaivuta izidi kuingia. Maji yakiwa yamejikusanya chini, tangi linaliwa na kutu kwa ndani huku nje linang'aa. "Anafuta vumbi kila siku," baba akasema, "na inaoza tumboni." Kutoa petroli, kusuuza tangi, kufungua kabureta na kupuliza: kazi ya asubuhi moja. Hicho ndicho alichotaka kumwambia alipokatwa. Historia ya ile pikipiki mwenye mali aliijua yote, kilichomo tangini hakukijua, na aliyekijua kwa kunusa mara moja tu alifukuzwa kama kibaka.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msiende. Kisha nikakumbuka ile DS inavyojiinua, nikafikiri niseme nendeni, ila msimpeleke mzee. Lakini nani mwenye haki ya kuviona vyombo hivi kuliko wazee walioviendesha na kuvitengeneza? Nendeni na wazee wenu, basi, na kabla ya kulipa kiingilio mwambieni wazi huyo mzee aliwahi kufanya kazi gani. Hapana, hata hilo nalikataa. Mzee hahitaji kujieleza mlangoni ndipo aitwe mzee. Nilichotaka ni kitu kimoja, yule bwana ampigie baba simu aseme samahani. Nilimwandikia ujumbe siku ile ile usiku, bila matusi. Ameusoma. Hajajibu.

Nilimweleza baba kwamba sitatulia hadi aombwe radhi. Akaniuliza radhi ya nini. Nikamkumbusha. "Aa, ile," akasema, kama jambo la mwaka juzi. Jana nimemkuta uani kakata mpira mpya wa petroli, karibu hatua moja urefu wake, kasuuza dumu tupu na kulianika jua, na kwenye kitambaa kapanga plagi, brashi ya waya na kile kisindano chembamba alichokuwa akizibulia jeti, ambacho sikujua kama bado anacho.

"Umempigia yule kijana?" akaniuliza. "Mwambie asiipige kiki tena mpaka tufike."

Namba ninayo. Bado sijapiga.